Mwaka Tulipong'oa Pointi za Gari

Mimi na mume wangu si watu wa pwani. Tumetoka Njombe, kwenye baridi na viazi, na tulipohamishiwa Mtwara, yeye akiwa fundi umeme wa bandarini na mimi mkunga, kitu cha kwanza kilichotushangaza ni jinsi chuma kilivyokuwa hakidumu. Bawaba za milango, sindano ya kushonea, kisu kilichosahauliwa juu ya meza, vyote vililiwa na kutu tukiwa tunavitazama. "Ni hewa ya chumvi," mume wangu alisema wiki ya kwanza, na kwa miaka yote tuliyoishi Magomeni hiyo ikawa sababu yake ya kila kitu kilichoharibika: redio, saa ya ukutani, hata mkate.

Tulikuwa na gari. Miaka ile ya Ujamaa mtumishi mwenye gari alitazamwa kwa jicho la pembeni, lakini waliotaka kutuita makabaila walikuwa wakiliona lenyewe wanaghairi. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la rangi ya maziwa, tulilouziwa na bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Majirani walilipenda kuliko sisi wenyewe. Mama akishikwa na uchungu, ndugu zake walikimbilia kwangu kwanza, kwa sababu kwangu palikuwa na mkunga na gari chini ya paa moja.

Ugonjwa wa gari lile ulikuwa pointi. Mume wangu alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa. Ndani ya injini kuna kikombe kinachoitwa distribyuta, na ndani ya kikombe hicho mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, kama mdomo wa kifaranga, kila injini inapozunguka. Vikiachana tu, cheche inaruka kwenye plagi, petroli inalipuka, gari linakwenda. Vyuma hivyo ndivyo pointi. Vikiachana zaidi ya inavyotakiwa, au pungufu, gari linamisi, linakohoa, linazima. Na kwa kuwa vinachomwa na cheche zake vyenyewe siku zote, lazima visuguliwe na kupimwa tena na tena. Kwa hewa ile ya chumvi, sisi tulivipima mara nyingi kuliko tulivyokwenda kanisani.

Aliyevipima ni mzee mmoja wa Mikindani. Ndugu zake wote walikuwa wavuvi. Yeye peke yake aliikimbia bahari, akajifunza matrekta ujanani wakati Waingereza walipojaribu kulima karanga kule Nachingwea. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya Chikongola. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, na kofia yake ya kiua haikuwahi kuguswa na grisi hata siku moja, sijui kwa miujiza gani. Alisema kwa lafudhi ya kule kwao, "nkono" badala ya mkono, "Ntwara" badala ya Mtwara, na aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, kabla hajajua mimi ni nani wala natoka wapi.

Kazi yake ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Alifungua kifuniko cha distribyuta, akasugua pointi kwa kipande cha msasa, akachana karatasi ngumu ya boksi la sigara, ingawa yeye hakuvuta, akaichomeka katikati ya vile vyuma kupima nafasi. Aligeuza skrubu kidogo, akavuta karatasi, akaona jinsi inavyokwama na kuachia. Halafu alisema, "Bismillahi, washa." Gari lilikuwa linaguruma kama jipya, na kwa mwezi mzima hatukuonana naye ila kwa salamu.

Mwaka ule ambao vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimekwisha, na watu waliokimbilia kwetu walikuwa wameanza kufunga virago kurudi makwao, mambo yalibadilika. Gari likitoka gereji lilikwenda siku chache tu, likaanza kukohoa tena. Tulirudi. Mzee alipima upya, akaomba radhi, akalaumu pointi za siku hizi kwamba chuma chake ni laini. Mume wangu akalaumu hewa ya chumvi. Tukarudi tena. Wakati huohuo niliona kwamba mzee, aliyezoea kuja mjini kwa baiskeli kutoka Mikindani, sasa anaikokota. Nilipomuuliza alisema mnyororo umelegea. Fundi wa magari, na mnyororo wa baiskeli umemshinda! Nilicheka, naye akacheka, nikapita zangu.

Jumamosi moja katikati ya mvua, gari la idara likiwa bovu, mume wangu alijitolea kunipeleka kliniki ya akina mama katika kijiji kimoja upande wa Kilambo, karibu na mto unapoanza kupanuka kuelekea baharini. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mchana, alipoletwa msichana mwenye mimba ya kwanza, uchungu umeanza tangu jana yake, miguu imevimba na shinikizo la damu limepanda. Sikutaka azalie pale. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, mama yake akapakata kichwa chake, tukaondoka kuelekea hospitali ya mjini.

Mvua ilitukuta kwenye mikorosho. Gari likamisi mara moja, mara mbili, likatingishika kama mtu mwenye homa, likazima. Mume wangu alifungua boneti, akafungua distribyuta, akafuta maji kwa shati lake. Alijua umeme wa winchi kubwa za bandarini, lakini pale alisimama na bisibisi mkononi akitazama vile vyuma viwili. "Havifunguki kabisa," alinipigia kelele katika mvua. "Vimegusana muda wote. Nani kavifunga namna hii?"

Tulijua ni nani. Lilikuwa limetoka kwake juzi.

Yeye alihangaika mbele, mimi nikahangaika nyuma. Wanawake waliokuwa wanatoka shambani waliona gari, wakaja na khanga zao wakaziba madirisha na ule mlango wa kamba, wakasimama katika mvua wakiimba taratibu kwa Kimakonde ili msichana asiogope. Nilimwomba Mungu kwa maneno mafupi, maana sikuwa na nafasi ya marefu. Mtoto alitoka kabla gari halijawaka, wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Msichana mwenyewe alipata kifafa cha mimba dakika chache baadaye, na sitaki kuisimulia nusu saa ile. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na sindano ya kumtuliza, na kwamba mume wangu alifanikiwa kuvitenganisha vyuma kwa ukucha wa kidole gumba, tukafika hospitali kwa mwendo wa kusuasua, na wote wawili wakapona.

Jioni ile mume wangu hakula. "Basi," alisema. "Mzee simpeleki mahakamani, lakini gari langu hataligusa tena. Kuna kijana kule karibu na bandari ana vifaa vya kisasa."

"Hebu nimwone kwanza," nikasema.

"Umwone ili iweje?"

Sikujua ili iweje. Lakini nilikuwa nimeuguza watu miaka mingi, na kitu fulani kilikuwa kinanisumbua kuhusu ile baiskeli.

Jumatatu nilipotoka zamu nilipita Chikongola. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi, anajimiminia kahawa kutoka kwenye birika. Nilisimama mlangoni bila kusema neno. Alitafuta kikombe kwa vidole, akakipata, akamimina, na kahawa ikapita pembeni ikamwagika chini kabla hajasogeza nkono, kama alivyokuwa akiuita mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu!" Aliigeukia sauti, lakini macho yake yalinipita pembeni. "Gari limeleta matata tena?"

Nilikaa karibu naye, nikamwomba atazame juu kwenye mwanga. Alitii kabla hajafikiri kwa nini. Mboni za macho yote mawili zilikuwa nyeupe, kama maji uliyooshea mchele. Jicho la kulia ndilo lilikuwa limezibwa zaidi.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu lini nini?"

"Huoni."

Aliinamisha uso haraka. "Naona. Ni moshi wa petroli tu, unauma macho. Ukikaa gereji maisha yako yote, lazima macho yaume." Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na mteja anakuja, "Nakuomba, mwanangu. Usiseme neno hapa. Ntu akisikia fundi haoni, kesho nitafunga mlango huu. Baba yangu alipofuka, akakaa kitandani miaka, analishwa kama kifaranga. Mimi sitaki."

Sikumwambia habari za msichana wa Kilambo. Niliona hazitamfaa kitu. Nilimwambia tu kwamba ule ni mtoto wa jicho, kwamba huondolewa, kwamba kuna hospitali ya misheni bara, njia ya Masasi, ambako madaktari wanafanya kazi hiyo. Alitikisa kichwa. Kwao aliyepasuliwa jicho alikuwa mmoja tu, akarudi kipofu kabisa. Nilijaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza hali ya nyumbani, basi.

Nyumbani nilimwambia mume wangu. Hasira yake yote ilikuwa imepata mahali pa kukaa, na sasa nilikuwa nimeiondolea kiti. Gari hakulipeleka kwa kijana wa bandarini, wala kwa mzee hakulirudisha. Aliliegesha uani, tukaenda kazini kwa miguu.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mdogo wa mume wangu aliporudi likizo kutoka masomoni Uingereza. Alikuwa amesikia vilio vyetu vya gari, akaona atuletee zawadi itakayotufaa kuliko blanketi. Ilikuwa boksi la bati lenye mapezi ya kutolea joto, nyaya za rangi rangi, na vipande vidogo vya plastiki nyeusi. Mume wangu alikisoma kijitabu cha maelekezo akiwa amesimama, chakula kinapoa.

"Unajua hiki ni nini?" aliniambia, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto siku ya Krismasi. "Hakina pointi! Tunazing'oa zote tunatupa. Kazi yote inafanywa na umeme wenyewe. Hakuna kusugua, hakuna kupima. Hakuna cha kugusana, kwa hiyo hakuna cha kuungua." Akaweka kijitabu mezani. "Sasa hatumhitaji fundi."

Alipolisema hilo mwenyewe alilisikia. Nilimwona akilisikia. Miaka minne nyuma, tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza, hatukuwa na ndugu hata mmoja kusini yote. Mzee yule alikuja na vijana wa Mikindani, Waislamu watupu, wakachimba kaburi la mtoto wa Kikristo kwenye ardhi ngumu, yeye mwenyewe akishika jembe, na baadaye alikaa na mume wangu barazani kutwa nzima bila kumsemesha, akimmiminia chai tu kila ilipokwisha. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Halikuhitaji kuzungumzwa.

"Tutakifunga gerejini kwake," mume wangu akasema hatimaye. "Naye atakifunga pamoja nasi."

Kwa hiyo tulilisukuma na kuliwasha gari kwa shida, likakohoa mpaka Chikongola. Mzee alifurahi kusikia mlio wake, halafu mume wangu akamwekea lile boksi mikononi, na furaha ikamtoka.

"Hii nini?"

"Ni cha kuwashia gari, mzee. Mahali pa pointi."

Alikizungusha, akapapasa mapezi yake, akafuata nyaya kwa vidole mpaka mwisho. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Kwa hiyo mmekuja kuniaga," akasema. "Ahsanteni kwa heshima hiyo. Wengine hawaagi."

"Hatukuja kuaga. Tumekuja tufanye kazi," mume wangu akajibu. Kisha akachukua kile kipande kidogo cha plastiki, akakiweka kwenye kiganja cha mzee, akamshika kidole akimwonyesha. "Hapa kuna taa ndogo, mwanga wake hauonekani. Hapa mkabala wake kuna jicho. Kisahani hiki kinazunguka katikati yao. Kinapokata mwanga na kuuachia, jicho linajua, linatoa habari kwenye boksi, cheche inaruka. Basi. Hakuna kinachogusana."

Kidole cha mzee kilikuwa bado kiko kwenye kile kijidude, kinakipapasa polepole.

"Kwa hiyo gari linapewa jicho jipya," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akageuza uso, akanitafuta mimi. "Na ntu je?"

"Na mtu pia," nikasema. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Niambie tena, lakini nkweli nkweli. Anayepasua, amepasua wangapi? Anatumia kisu? Nitalala siku ngapi? Nikirudi sioni, nani atamwambia nke wangu?"

Nilikaa kwenye lile tairi nikamjibu moja baada ya jingine, na nilichokuwa sikijui nilimwambia sikijui. Nilimwambia kwamba hatari ipo. Nilimwambia kwamba akikaa hivi hakuna hatari, kuna uhakika, na uhakika wenyewe ni giza. Mume wangu alijifanya anatafuta spana. Mwishoni mzee alivuta pumzi, akasema, "Haya, tufunge hili la gari kwanza. Tukishindwa la gari, jicho langu mtaliacha."

Kazi ile ilitula siku nzima. Mimi nilikuwa msomaji, maana kijitabu kilikuwa cha Kiingereza chenye maandishi madogo, na mume wangu alitaka mikono yake iwe huru. Nilisoma na kutafsiri kwa jinsi nilivyoweza. Nilipofika mahali penye maandishi mekundu nilisema, "Wanaonya kwamba kifaa hiki ni cha magari yenye dunia hasi tu."

"Dunia nini?"

"Dunia hasi. Au udongo hasi."

Mume wangu alichomoa kichwa kwenye boneti akacheka mpaka akashika ubavu. "Waya wa ethi, mama! Waya wa ethi wa betri, ule unaokwenda kwenye bodi." Kisha akaacha kucheka ghafla, akainama kuangalia betri. Gari letu, kwa uzee wake, lilifungwa kinyume: upande wa chanya ndio ulikuwa kwenye bodi. Kama tungeunganisha, zawadi ya shemeji ingeungua hapo hapo, na nani angetuletea nyingine?

Walibadilisha betri upande kwa upande. Waya wa upande mmoja haukufika, wakaunga mwingine. Waligeuza nyaya za koili. Mzee alisema dainamo nalo lazima lijulishwe kwamba dunia imegeuka, akimtania mume wangu na tafsiri yangu, akaushika waya na kuugusisha kwenye dainamo mara moja tu; cheche ya buluu ikaruka, akasema, "Limesikia." Pointi za zamani alizing'oa mwenyewe. Hakuhitaji kuona, skrubu zile alizijua kama anavyojua vifungo vya shati lake. Zilipotoka alizishika kidogo, akazitupa kwenye debe la takataka.

Saa kumi alasiri, swala imekwisha, mume wangu akakaa kwenye usukani. Stata ikazungusha injini, ikazungusha, kimya. Akajaribu tena. Kimya. Mimi nikarudia kusoma ukurasa wote kwa sauti. Mzee aliinua kiganja kuninyamazisha.

"Cheche ipo," akasema, "naisikia. Inakuja si wakati wake. Zungusha tena."

Alishika mwili wa distribyuta kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu kushoto, mume wangu akipiga stata. Injini ikatoa kishindo kimoja, ikapiga chafya, na mara ikawaka. Alizidi kugeuza kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha upande, mpaka mlio ukawa mmoja, laini, usio na kigugumizi. Akakaza nati. Mume wangu alikuwa anapiga makofi ndani ya gari kama mwendawazimu.

Mzee hakupiga makofi. Alisikiliza kwa muda, akasema, "Zuri. Lakini hiki ni kinyamavu. Zile zilikuwa zinanong'ona kabla hazijafa. Hiki siku kikifa, kitakufa bila kuaga."

"Basi tutakuja kwako," mume wangu akasema.

"Mtakuja mmelivuta kwa kamba," mzee akajibu, na ndipo akacheka.

Nilikwenda Mikindani kuzungumza na mke wake. Nilidhani nitahitaji kumwandaa. Alinikaribisha, akaniwekea mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba alikuwa akijua tangu mwaka jana. Kila siku alitoa miba ya samaki wote jikoni kabla hajampelekea sahani, na kumwambia kwamba samaki wa siku hizi ni wa bahari ya mbali, hawana miba. "Nilijua anajua," akasema. "Lakini hakuuliza. Mchukueni. Mimi nimechoka kudanganya."

Safari ya kwenda hospitali ndiyo ilikuwa safari ndefu ya kwanza ya gari lile tangu lipewe kifaa kipya. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, barabara ya bara ilikuwa tope jekundu, malori mawili tuliyakuta yamekwama. Letu liliwaka kila tulipoliwasha. Mzee alikaa mbele na furushi lake la nguo magotini, mimi na mke wake nyuma. Njia nzima sikio lake lilikuwa kwenye injini, na kila mlima alikaza vidole akingojea limisi. Halikumisi. Karibu na Masasi aliacha kungojea, akalala usingizi mdomo wazi.

Walimpasua jicho la kulia. Wakati ule mgonjwa alilazwa chali siku nyingi, kichwa kimewekewa mifuko ya mchanga pande zote asikigeuze, amefungwa bendeji macho yote. Sikuweza kukaa naye. Nilikuwa na zamu zangu. Mke wake alibaki. Alinisimulia baadaye kwamba mzee hakulalamika ila jambo moja: gari la hospitali lilikuwa linamisi chini ya dirisha lake kila asubuhi, na aliomba waziwazi aruhusiwe kwenda kulitengeneza akiwa amefungwa macho hivyohivyo.

Tulipokwenda kumchukua alikuwa amekaa kwenye benchi nje, amevaa miwani minene kama vitako vya chupa. Alitutazama tukija tangu tukiwa mbali. Hakusema kitu kuhusu sura zetu. Alizunguka gari, akafungua boneti, akainama.

"Astaghfirullah," akasema. "Mmekuwa mkiendesha gari chafu namna hii, na mkaja nalo kwangu mchana kweupe?"

Tukiwa tunashuka kilima kuingia Mikindani, aliomba tusimame. Chini yetu mji wote ulikuwa unaonekana, nyumba za mawe, minazi, ghuba. Nilidhani anataka kushukuru, na mume wangu akazima injini. Alitazama muda mrefu, akirekebisha miwani.

"Nani kaezeka bati nyumba ya kaka yangu?" akauliza.

Mke wake alisema ni kaka mwenyewe, tangu mwaka jana.

"Na hakuniambia!"

"Alidhani umeona."

Alicheka kwanza. Kisha akavua miwani kuifuta, akachelewa kuivaa, na sisi tukatazama pembeni. Alipoivaa alimgeukia mke wake aliyekaa nyuma, na yule mama, mtu mzima mwenye wajukuu, akajifunika uso wote kwa khanga. "Usinitazame," akasema. "Nimezeeka."

"Funua," mzee akamwambia kwa upole. "Na mimi nimejiona kwenye kioo cha hospitali. Tumekwenda pamoja."

Alirudi gerejini baada ya wiki chache na kuendelea kupima pointi za magari ya mji mzima, maana vifaa kama kile chetu havikufika tena Mtwara wakati sisi tukiwapo. Baiskeli alipanda tena, ingawa mke wake hakupenda. Jicho la pili hakukubali liguswe. Alisema moja linamtosha kwa kazi, na lile jingine ni la kulalia. Sisi tulihamishwa baadaye, tukamwachia gari mwalimu mmoja wa Mtawanya. Siku ya kuondoka mzee alikuja kutuaga pale Magomeni, akatubebea mzigo mmoja mpaka kwenye lori, akampa mume wangu mkono, na wote wawili hawakujua la kusema. Mimi nililia kwa niaba yao.